Kabla hujamuuzia mteja rejeta, muulize gari linachemsha wakati gani

Leo naongea na wale tunaouza spea mtandaoni, hasa spea za magari ya zamani ya mashindano. Soko hili ni dogo lakini lina hela. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, inayorudisha barabarani magari ya enzi zile za Safari Rally, na wenye magari hayo wanatafuta vifaa muda wote. Mimi naulizwa zaidi za Datsun 240Z. Sishangai, maana ndiyo iliyoshinda Safari 1971, ikashinda tena 1973.

Meseji inayokuja mara nyingi ni hii: "Gari linachemsha, una rejeta?" Ukikimbilia kujibu "ipo, bei kadhaa", unaweza kupata hela leo na ugomvi wiki ijayo. Rejeta ya gari la miaka 50 haipatikani kila duka. Inaagizwa, ni ghali, na ikifungwa halafu gari likaendelea kuchemsha, mteja atadai arudishiwe hela kwa kitu ambacho kimeshapitishwa maji. Na hilo bado ni dogo. Injini ya 240Z ina bloki ya chuma lakini silinda hedi ni ya alumini, na alumini inatanuka kuliko chuma. Likichemshwa mara mbili tatu, hedi inapinda, gasketi inaungua, na hapo mteja haongelei rejeta tena, anaongelea injini.

Kwa hiyo mimi simtajii mtu bei kabla sijamuuliza: linachemsha wakati gani?

Akisema linachemsha kwenye foleni au likipanda mlima taratibu, lakini akikimbia mshale unashuka, rejeta inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachokosekana ni hewa. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaingia wenyewe. Likisimama, kazi yote ni ya feni, na kwenye 240Z feni inazungushwa na mkanda pamoja na pampu ya maji. Mwambie aangalie kama mkanda umelegea, kama klachi ya feni imechoka (feni inazunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto), na kama lile kava linalozunguka feni bado lipo. Kwenye magari ya mashindano mara nyingi kava limetolewa ili fundi apate nafasi ya kufanya kazi. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Akisema kinyume, yaani mjini limetulia ila akilishika kasi kwa muda mrefu mshale unapanda, hapo angalia maji yanazungukaje. Ila kwanza muulize mbele ya rejeta kuna nini. Magari ya rali yanafungwa taa kubwa mbele ya grili, na matope yakikauka kwenye mapezi ya rejeta hewa haipiti. Hilo ni la kuosha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, huuzi kitu.

Baada ya hapo, mpira wa chini wa rejeta. Huu wengi hawaujui. Pampu inavuta maji kupitia mpira huo, na ukishakuwa laini kwa uzee unanywea injini ikipigwa resi, maji yanakatika. Ukiuangalia injini ikiwa sailensa huoni kitu. Mteja mmoja wa Nairobi alikuwa anajiandaa na rali na ameshatenga hela ya rejeta ya alumini. Nikamwomba anitumie video, fundi akipiga resi mpaka 3,000. Mpira ulikuwa unajikunja kama mrija wa juisi. Nikamuuzia mpira wenye springi ndani, basi. Faida yangu siku ile ilikuwa ya chai tu, lakini pampu na mikanda ya msimu mzima alichukua kwangu.

Mpira ukiwa mzima, sasa ichunguze rejeta yenyewe. Ile bastola ya kupimia joto tuliyoizoea wakati wa Korona inafanya kazi hapa, ila iwe ile ya mafundi inayopima joto kubwa. Injini ikiwa ya moto, apime sehemu mbalimbali za rejeta. Akikuta eneo lina ubaridi kuliko majirani zake, mirija ya hapo imeziba. Hapo sasa uza rejeta kwa amani. Asielekeze bastola kwenye alumini inayong'aa, inadanganya. Bastola hiyo hiyo itamwonyesha kama geji ya kwenye dashibodi inasema kweli, maana geji za miaka ile zinayumba umeme ukiyumba.

Kifuniko cha rejeta tunakidharau kwa sababu ni cha bei ndogo, na mimi naona ndicho cha kwanza kuuza. Ukienda juu, maji yanachemka mapema: Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, ni kama nyuzi 95, na Nairobi chini kidogo ya hapo. Kinachoyazuia ni presha. Kwenye vifuniko vya Kijapani utakuta imeandikwa 0.9 au 1.1. Kifuniko cha 0.9 kikishika vizuri, maji hayachemki Arusha mpaka yavuke nyuzi 115. Kikilegea, gari lililokuwa zima Mombasa litamwaga maji likifika nyanda za juu. Usimuuzie mtu kifuniko cha namba kubwa kuliko cha kiwandani ili tu "kiwe imara", utampasulia rejeta ya zamani. Na kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, mtu ataungua uso.

Themostati mafundi wetu wanapenda kuitoa. Kwa 240Z ya kawaida ni ya nyuzi 82. Watu wa mashindano wakiitoa, wengi wanaweka kisahani chenye tundu mahali pake ili maji yasipite ovyo, kwa hiyo uliza ndani kuna nini kabla hujatuma.

Maji yanapungua na hakuna pa kuvuja? Mpira wa juu unakuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini ya baridi? Mapovu kwenye rejeta? Hiyo ni gasketi ya hedi. Usiuze chochote, mwambie aende kwa fundi akapime.

(Akikuuliza rejeta ya Porsche 911 ya miaka ya 70, hana gari hilo. Injini yake inapozwa kwa hewa na oili.)

Hii ndiyo meseji yangu, nakili ukitaka: "Asante boss. Kabla ya bei naomba unisaidie: linachemsha likisimama au likikimbia? Maji yanapungua? Kifuniko kimeandikwa namba ngapi? Themostati ipo? Nitumie video ya mpira wa chini fundi akipiga resi, na picha ya rejeta kwa mbele."