Konje yetu iliishia ku kilio

Konje hii tuliipanga tangu mwezi wa tano. Mtumishi aliyepita miaka 15 ku kampuni moja, sheria inamupa angalau siku 15 za kazi kwa mwaka: siku moja kwa kila mwezi, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya utumishi. Siku 15, na watoto wanne ambao hawajaona bado maji makubwa. Tuliwaahidi Kapolowe, pembeni ya ziwa Tshangalele, kwa dada wa bibi. Siku tatu za kula samaki na kucheza mupira. Tungeondoka Lubumbashi siku ya kwanza ya juma.

Siku ya tatu mbele ya ile, saa kumi na moja ya asubuhi, simu ililia kutoka Kolwezi. Baba mudogo amekufa.

Inafaa tueleze huyu baba mudogo alikuwa nani. Alikuwa mudogo wa baba yetu, tumbo moja. Baba alipokufa, sisi tulikuwa watatu, bado wadogo, na yeye njo alitukamata na kutupeleka ku kambi ya Musonoie. Ilikuwa miaka ile ya 1990 ambayo wasomaji wetu wengi wanaikumbuka: Gécamines imeanguka, mushahara unakawia miezi na miezi. Mufuko wa unga ulipofika, aliugawanya: nusu kwa watoto wake, nusu kwetu. Aliuza kinga yake ili tulipe masomo. Kama leo tunaandika mistari hii, ni juu yake.

Basi asubuhi ile tulipita ku biro ya watumishi ku kazi yetu, kuomba siku za kilio. Kijana wa biro hakutudharau. Alifungua Sheria ya kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, akatusomea polepole. Akifa bwana ao bibi, mzazi ao mtoto, ile ni degre ya kwanza: siku 4 za kulipwa. Akifa ndugu wa tumbo, babu ao mjukuu, ni degre ya pili: siku 2.

– Na baba mudogo?

– Baba mudogo njo degre ya tatu, mukubwa. Ile haimo.

– Lakini njo ye alitukomalisha.

– Naelewa, mukubwa. Mi pia nilikomalishwa na yaya ya mama. Lakini mu ordinatere hamuna fasi ya kuandika ile.

Tuliomba konje ianze kesho yake. Alitia kashe. Tulirudia nyumbani na karatasi moja, bila kujua kama ni ya furaha ao ya machozi. Bibi alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

– Konje si iko? Tuende na batoto bote, bazike babu yabo. Kapolowe iko mu njia.

Tuliondoka siku ya ine, giza bado, baridi ya mwezi wa saba inauma vidole. Watu nane mu Toyota moja ya kukodi, mufuko wa unga, sufuria mbili, mikeka. Nyuma kulikuwa vifuko viwili. Kimoja mupira na nguo za kuogea. Kingine vitambaa vyeusi.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 300, na Likasi iko kwenye 120. Kabla ya Likasi kuna daraja la Lufira. Tulisimama pale dakika ishirini. Kufika ku ziwa lenyewe ingeomba kuacha barabara kubwa, na ku Kolwezi walikuwa wanatungoja. Watoto walishuka, wakatupa mawe mu maji.

– Njo ziwa?

– Hapana. Hii njo mto inaenda ku ziwa. Ziwa itatungoja.

Tuliwaeleza kwamba maji haya yanazuiwa kule Mwadingusha, na tangu 1930 yanageuza mashini zinazotoa umeme wa migodi yetu. Walisikiliza nusu. Mtoto wa pili aliuliza kwa nini watu wanakufa wakati wa konje. Hatukuwa na jibu.

Ku Likasi tulikula mikate mu gari, upande wa Panda. Pale baba yetu na baba mudogo walizaliwa, mu nyumba ya kampuni. Wazee wa pale wanajua vizuri namna Union Minière ilihesabu jamaa. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilipoanza kuweka watumishi mu makambi pamoja na bibi zao, ilihesabu bwana, bibi na watoto. Posho ilipimwa kwa hesabu ile. Mama mzee, mtoto wa ndugu, mudogo aliyetoka ku mugini, wale waliitwa wageni, na mgeni hana posho. Lakini wageni wale walikula, kwa sababu bamama waligawanya sufuria. Tulifikiri juu ya kijana wa biro na ordinatere yake. Hesabu ni ile ile, imebadili tu karatasi.

Kutoka Likasi kwenda Fungurume, barabara ni ya kamyo. Zinashuka na shaba kuelekea Kasumbalesa, zinapanda na asidi. Hapa tuseme neno kwa kila mzazi anayesafiri na watoto. Mwezi wa pili wa 2019, pale Kabwe, kamyo ya asidi iligongana na magari ya wasafiri, na watu karibu 20 walikufa. Usitembee usiku, hata kama kilio kinakuita. Usifuate kamyo ya asidi karibu. Maiti ingengoja saa mbili, wewe hautarudi.

Ku daraja la Lualaba shofere alipunguza mwendo, watoto wakasimama juu ya viti. Kwa dakika moja ilikuwa konje kweli.

Tulifika mchana. Bamama walikuwa mu nyumba, wameketi chini juu ya mikeka. Wanaume walikuwa inje, kuzunguka moto. Tulisikia sauti ya Mama mudogo mbele ya kumuona. Bibi alivaa kitambaa cheusi, akaingia. Sisi tulienda kwanza kwa mzee wa daftari, tukaandikisha muchango wetu. Pesa ile ilikuwa ya Kapolowe.

Usiku, pembeni ya moto, wenzake wa kazi walimukumbuka. Walisema juu ya mwezi wa tisa wa 1990, mugodi wa Kamoto ulipoporomoka chini ya udongo. Walisema juu ya mwaka wa 2003, watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipotolewa ku kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa kupenda. Baba mudogo alikuwa kati yao. «Kupenda», alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Tulimuzika siku ya posho. Kando ya kaburi alisimama mtoto wa dada yake, kijana anayeendesha kamyo kubwa mu mugodi mmoja wa huko. Kwake marehemu alikuwa mjomba, naye pia degre ya tatu. Siku hakupewa. Alilala ku kilio siku mbili, akienda na kurudi. Tulipotoka ku makaburi alituaga.

– Unaenda wapi, mudogo?

– Posti ya usiku, yaya.

Macho yake yalikuwa mekundu. Kijana asiyelala usiku mbili anapanda juu ya mashini yenye magurudumu kupita urefu wa mtu, na chini yake kuna wenzake wanaotembea kwa miguu. Hii hatuileti kwa wakubwa wa kampuni kama huruma. Ni mambo ya usalama, yale wanayotuandikia kila siku ku ukuta.

Wazee walimaliza maneno ya kilio siku ya pili ya juma. Tulihesabu: siku 5 za konje zimeenda, na pesa ya konje karibu yote. Njiani tuliacha barabara kubwa, tukalala Kapolowe usiku moja pahali pa tatu. Mtoto wa mwisho wa marehemu tulimubeba na sisi. Asubuhi watoto wetu walikuwa mu maji, wanapiga kelele. Yeye alibaki ku pembeni na viatu miguuni. Karibu na saa sita aliondoa viatu.

Ndugu watumishi, tumeandika haya kwa sababu kila mumoja wenu ana baba mudogo wake. Sheria inasema «angalau». Maana yake, makubaliano ya kazi kati ya sendika na kampuni yanaweza kupita pale. Tunaomba mambo mawili. Ya kwanza: kila mtumishi aandikishe mu faili yake mutu mumoja ao wawili waliomukomalisha, na siku wakikufa, apewe siku 2 za kulipwa kama ndugu wa tumbo. Ya pili: anayetoka ku kilio asirudishwe juu ya mashini usiku ule ule, abadilishane posti na mwenzake, bila kukatwa.

Tukingoja ile, mufanye hivi. Muulize delege wenu nini imeandikwa mu makubaliano ya kampuni yenu, kwani wengine wana zaidi na hawajui. Mujulishe kazi kwa karatasi mbele ya kuondoka, na mubaki na kopi. Mukirudi, mulete sertifika ya kifo. Tunamujua mwenzetu mumoja aliyeenda kuzika mjomba wake bila karatasi, siku tatu. Aliporudi, jina lake halikuwa tena ku mulango.

Karatasi ya maombi haya iko tayari. Delege akipita nayo ku ekipi yenu, muisome vizuri, kisha mutie sahihi. Na kule nyuma, andikeni jina la mutu aliyewakomalisha. Sisi tulikwisha kuandika la kwetu.