Herufi Zinazogongana

Mkulima wa pamba wa Bariadi, mkoani Simiyu, akitaka kutoa fedha kwa M-Pesa, hupiga *150*00#. Jirani yake wa Airtel Money hupiga *150*60#, na wa HaloPesa *150*88#. Kazi ni ileile, amri ni tatu, na mwenye laini zote hana budi kuzikariri zote. Lakini akitaka kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, hupiga *106# tu. Mtandao wowote, awe Maswa, Meatu au Lamadi.

Waandishi wa programu nao wanahangaika na jambo hilohilo.

Kwenye terminali ya kompyuta, mtu huandika jina la programu, kisha machaguo yanayotanguliwa na kistari. Ukitaka kuingia kwenye seva kwa ssh, namba ya poti huiweka baada ya -p. Ukitaka kunakili faili kwenye seva hiyohiyo kwa scp, ni -P, herufi kubwa. Programu hizi mbili huja pamoja katika OpenSSH, tena hutumiwa na mtu yuleyule, dakika ileile! Sababu ni urithi: scp ilifuata nyayo za rcp, ambako -p tayari ilikuwa na kazi ya kuhifadhi tarehe na ruhusa za faili.

Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ina mkanganyiko wa aina nyingine. Kufuta tawi ni git branch -d. Kufuta kazi iliyowekwa kando ni git stash drop. Kuondoa hazina ya mbali ni git remote remove. Hakuna aliyekusudia hivyo. Amri ziliongezwa kidogo kidogo, na amri ikishasambaa, kuibadilisha ghafla ni kuvunja kazi za watu wanaoitegemea. Ndiyo maana toleo la 2.23 la mwaka 2019 lilipoleta switch na restore, checkout, amri ya zamani ya kazi hizohizo, iliachwa ikiendelea kutumika. Huo ndio ustaarabu unaofaa kuigwa.

Mradi wa GNU nao huagiza kila programu yake ikubali --help na --version. Ni kanuni fupi, na faida yake ni kubwa: mgeni wa programu yoyote anajua pa kuanzia.

Kwa hiyo kijana wa Simiyu anayekiandikia chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) programu ya mizani aziorodheshe herufi zake zote kwenye jedwali moja kabla ya kuongeza nyingine. Kama -k ni kilo kwenye amri ya kupokea pamba, isije ikawa kijiji kwenye amri ya malipo.