Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Njia za Tokyo na Michezo ya 1964

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni ajapo, nyumba hufagiwa, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hula vizuri kuliko siku nyingine. Methali hiyo yaweza kupimwa kwa habari za Tokyo, mji mkuu wa Japani, uliowakaribisha wachezaji wa mataifa mengi katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1964. Miongoni mwao alikuwako Wilson Kiprugut, aliyepata medali ya shaba katika mbio za mita 800, nayo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika michezo hiyo.

Tokyo ulichaguliwa mwaka wa 1959. Mji huo, ulioteketezwa kwa mabomu wakati wa vita, ulikuwa umekwisha kujengwa upya, lakini motokaa zilizidi kuongezeka na barabara zilikuwa nyembamba. Muda uliosalia ulikuwa miaka mitano tu.

Kununua ardhi katikati ya mji ni kazi ya gharama nyingi na siku nyingi, maana kila kiwanja kina mwenyewe. Kwa hiyo mahali pengi mafundi walisimamisha nguzo katika mito na mifereji, ambayo ni mali ya umma, wakajenga barabara za motokaa juu ya maji. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Desemba, 1962, na michezo ilipoanza zaidi ya kilomita 30 zilikuwa tayari. Reli ya Hibiya, ipitayo chini ya ardhi, ilikamilishwa Agosti, 1964. Mwezi uliofuata ilifunguliwa treni iendayo juu ya boriti moja, kuwachukua wasafiri kati ya uwanja wa ndege wa Haneda na mji.

Lakini kazi iliyosifiwa kupita zote ni reli ya Shinkansen, kutoka Tokyo hadi Osaka, mwendo wa kilomita 515. Ilianza kujengwa Aprili, 1959, kabla mji haujachaguliwa. Basi haikubuniwa kwa ajili ya michezo, ila michezo iliwahimiza wajenzi. Reli za zamani za Japani zilikuwa na upana wa futi 3 na inchi 6. Hii ilipewa futi 4 na inchi 8 na nusu, kipimo kile kile cha reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Tena haikatizwi na barabara yo yote.

Benki ya Dunia ilikopesha dola milioni 80. Hata hivyo gharama zilipanda zikakaribia mara mbili ya makisio, na Shinji Sogo, mkuu wa shirika la reli, akaacha cheo chake mwaka wa 1963. Treni ya kwanza iliondoka Oktoba 1, 1964, siku tisa kabla ya michezo kufunguliwa. Safari iliyokuwa ikichukua saa sita na nusu sasa ilichukua saa nne.

Michezo ilikwisha Oktoba 24, wageni wakaenda zao. Je, mwenyeji alipona?

Kwa upande wa reli, alipona. Njia hiyo ingali ikichukua watu kila siku, na tangu ifunguliwe hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwa treni yake kuanguka au kugongana na nyingine.

Kwa upande wa barabara, jibu si jepesi. Liko daraja la mawe liitwalo Nihonbashi, lililojengwa mwaka wa 1911, mahali ambapo tangu zamani umbali wa barabara kuu za Japani ulianza kuhesabiwa. Mwaka wa 1963 barabara ya juu ilipitishwa juu yake, nalo likabaki kivulini. Sasa kazi imeanza ya kuipitisha barabara hiyo chini ya ardhi, na ile ya juu inatazamiwa kuondolewa karibu na mwaka wa 2040.

Hivyo reli iliyoanza kwa haja ya wenyeji wenyewe haijawajutisha, lakini barabara iliyofuata njia ya mkato itawagharimu mara ya pili. Mji wo wote utakao kualika ulimwengu na ukumbuke kwamba mgeni hukaa wiki mbili, bali mwenyeji hukaa na wajukuu wake.