Maji ya Mto Yanayofika Baharini Hayapotei

Mwishoni mwa Oktoba 2022, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mvua za vuli zilichelewa na Mto Ruvu ukapungua. Mitambo miwili inayoutegemea, Ruvu Juu huko Mlandizi na Ruvu Chini wilayani Bagamoyo, ikashindwa kutoa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku ilizojengewa. Jiji la watu zaidi ya milioni tano likahangaika na ndoo. Katika shida kama ile ni rahisi kuamini kwamba kila tone linaloachwa lifike baharini limepotea.

Ukweli ni kinyume chake, na Bagamoyo ndipo pa kuuona. Hapa Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, unaingia Bahari ya Hindi; kaskazini yake, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani, unaingia Mto Wami. Bahari inapojaa, maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, hupenya chini ya maji baridi na kupanda mtoni. Inapokupwa, mto huyasukuma yarudi. Siku za bamvua bahari huingia kwa nguvu zaidi, na kinachoizuia ni wingi wa maji ya mto. Mto ukidhoofika wakati wa kiangazi, chumvi hupanda mbali zaidi na kutishia maji ya kunywa ya watu, mifugo na wanyamapori.

Mikoko ya milango ya mito hiyo miwili huhitaji maji baridi na tope linaloletwa na mto. Kamba nao huzaliwa baharini, kisha wachanga huingia mikokoni kujificha na kukua kwenye maji yenye chumvi kidogo, ndipo hurudi baharini kukutana na nyavu. Kwa hiyo mvuvi wa kamba wa Bagamoyo anaishi kwa mto, hata kama hajawahi kutupa wavu ndani yake.

Wami una hazina nyingine: perege wake wa asili, anayeitwa kitaalamu Oreochromis hornorum. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu C. F. Hickling, akiwa Malacca katika Malaysia ya leo, alipandisha madume wa perege huyu, waliotoka Zanzibar, kwa majike wa perege wa Msumbiji. Watoto wakawa madume watupu. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa, kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga.

Perege huyo anatishiwa kutoka pande kadhaa. Dume huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike huatamia mayai kinywani. Kingo zikilimwa hadi majini, mvua huporomosha udongo unaofukia viota, pamoja na mbolea na viuatilifu. Wachimba mchanga huondoa mahali penyewe pa kuzalia. Tena kuna sato, mgeni ambaye hata Ziwa Victoria aliletwa katika miaka ya 1950. Mafuriko yakibomoa bwawa la ufugaji, sato huingia mtoni, hugombea chakula na perege wa asili, na anaweza kuzaa nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta samaki wageni wa jamii ya perege wameenea katika mabonde mengi ya Tanzania. Mbegu ya asili ikishachanganyika, hairudishiki.

Haya si ya pwani yetu peke yake. Maji baridi hufunika chini ya asilimia moja ya uso wa dunia, lakini karibu nusu ya aina zote za samaki huishi humo. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa Januari 2025 ilionyesha kuwa takriban robo ya aina za samaki, kaa, kamba na kereng'ende wa maji baridi zimo hatarini kutoweka.

Sheria za kutulinda tunazo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataja matumizi ya nyumbani kwanza, mahitaji ya mazingira pili, na shughuli za uchumi baada ya hapo. Mto una fungu lake kisheria.

Bwawa la Kidunda, lililopangwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litaweza kuupa Ruvu maji wakati wa kiangazi. Lakini yakifunguliwa huko juu na kuvutwa yote njiani, Bagamoyo haitafaidi kitu. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ipime maji yanayopita baada ya mahali pa mwisho yanapovutwa, na itangaze vipimo hivyo kila kiangazi. Mkulima aache miti mita 60. Mfugaji wa samaki asichimbe bwawa la sato penye mafuriko. Nawe unayekinga maji bombani Dar es Salaam, ziba bomba linalovuja: maji hayo yametolewa kwenye fungu la mto.