Kabondo: Picha tatu zinapoungana ili uso usipotee gizani

Saa sita mchana mjini Kisangani, jua linakaribia utosini, kwani mji huu uko karibu sana na ikweta. Ndoa ikitoka kanisani saa hiyo katika mtaa wa Kabondo, mmoja wa mitaa sita ya mji, mpiga picha anakutana na tatizo ambalo kila familia inalijua: gauni la bibi harusi ni jeupe, anga inawaka, na nyuso nyeusi za watu ziko chini ya kivuli cha paruwanja.

Akipima mwanga kwa gauni, uso unakuwa kivuli kitupu. Akipima kwa uso, gauni linapoteza mikunjo yake na anga inakuwa kama karatasi isiyoandikwa. Siku hiyo hairudii. Mama atakayetumiwa picha hiyo huko Bunia au Goma anataka kumuona binti yake, si gauni lisilo na kichwa.

Jicho na kamera

Jicho la mtu hujirekebisha upesi linapotoka kwenye jua na kuingia kivulini. Kamera hupima mwanga mara moja kwa picha nzima. Juu ya kiwango fulani kila kitu kinakuwa cheupe. Chini ya kiwango fulani kila kitu kinakuwa cheusi. Kile kilichopotea hapo hakirudishwi kwa kuongeza mwanga baadaye.

Ndiyo maana wapiga picha wengine hupiga picha tatu za sehemu moja: ya kwanza yenye mwanga mdogo ili kulinda anga, ya pili ya kawaida, ya tatu yenye mwanga mwingi ili kufungua kivuli. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike. Kisha programu ya kompyuta hulinganisha picha hizo, huchukua sehemu nzuri ya kila moja na kutoa picha moja. Njia hiyo hujulikana kwa herufi tatu: HDR.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya anga. Mwaka wa 1995, Steve Mann na Rosalind Picard wa MIT huko Marekani walieleza namna ya kufanya hivyo kwa kompyuta, na mwaka wa 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakatoa hesabu ambazo bado zinatumika. Mwaka wa 2010, Apple iliingiza HDR ndani ya simu ya iPhone. Leo simu nyingi za Android zinafanya kazi hiyo zenyewe.

Bila pesa, bila mega

Programu kama Lightroom na Photomatix hulipiwa. Lakini Luminance HDR na Hugin ni za bure, na zikishaingizwa kwenye kompyuta hazihitaji intaneti. Kwa kijana wa Kabondo anayehesabu mega zake na kungoja umeme urudi, hilo si jambo dogo.

Kuna mtego pia. Baadhi ya programu za simu zina kitufe cha HDR kinachofanya kazi kwa picha moja tu. Kitufe hicho hubadilisha sura ya picha, lakini hakiwezi kurudisha uso ambao kamera haikuunasa. Na ukizidisha, ngozi inakuwa kama udongo na mduara mweupe unazunguka vichwa.

Mwendo ni adui mwingine. Ukipiga picha tatu za wavuvi wa Wagenia kwenye maporomoko, maji yamehama na mvuvi amesogea, hivyo picha ya mwisho inaweza kuonyesha mkono wa tatu au mtu kama mzimu. Programu nyingi hujaribu kufuta makosa hayo, na wakati mwingine humfuta mtu mzima.

Picha kama ushahidi

Hapo ndipo jambo linakuwa zito. Kisangani ni mji wa vita vya siku sita vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwaka wa 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na mfuko wa FRIVAO unaohusika na fidia hizo una makao yake Kisangani. Katika mji kama huu, picha ya ukuta uliotobolewa na bomu si pambo. Picha iliyounganishwa na programu inaweza kupingwa kwamba imetengenezwa.

Kwa hiyo anayepiga picha ya nyumba iliyobomoka, ya ajali au ya mpaka wa kiwanja azime HDR, au ahifadhi picha zote za awali pamoja na tarehe zake.

Kwa harusi, kuna dawa rahisi kabla ya kompyuta: kugusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, kuwapeleka maharusi wote wawili chini ya mwembe, au kungoja saa kumi jua lipungue. Programu husaidia pale ambapo mpiga picha ameshafanya sehemu yake.