Mikataba ya Kulinda Wanyamapori na Wajibu wa Jirani wa Msitu

Biashara haramu ya wanyamapori haitambui mipaka. Kakakuona aliyenaswa katika nchi moja huweza kupitishwa katika nchi ya pili na kuuzwa katika ya tatu. Ndiyo sababu mwaka 1973 mataifa yaliafikiana juu ya Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mwaka 1994 ukafuata Mkataba wa Lusaka, ambao Uganda ni mwanachama wake, ili vyombo vya dola vishirikiane kuwasaka wahalifu wavukao mipaka.

Hata hivyo, mkataba hauna macho msituni. Macho ni ya raia. Kandokando ya Bwindi, vikundi vya wanakijiji wanaojitolea, vijulikanavyo kwa jina la HuGo, huwarudisha gorila msituni bila kuwadhuru wanapoingia mashambani. Kazi hiyo si nyepesi, kwani mgomba uliovunjwa ni chakula cha familia. Kwa kutambua mzigo huo, sheria imetenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa kwa ajili ya jamii za jirani.

Mwezi Juni 2020, Rafiki, dume lililoongoza kundi la gorila la Nkuringo, aliuawa kwa kitu chenye ncha kali. Mtuhumiwa alikamatwa siku chache baadaye katika kijiji cha jirani. Alieleza kwamba alikwenda kuwinda wanyama wadogo. Akakiri makosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Tangu mwaka 2019, sheria inaruhusu hata kifungo cha maisha kwa anayeua mnyama aliye hatarini kutoweka.

Tunawaomba mambo matatu. Mkiona mtego au mzoga, msiuguse, kwani huo ni ushahidi. Msimnunue mnyama aliyenaswa, hata kwa huruma, maana fedha hizo humrudisha mwindaji msituni. Msimpige mtuhumiwa, toeni taarifa kituo cha karibu au kwa namba 999.

Nasi tunao wajibu wetu: kufika upesi na kulihifadhi jina la mtoa taarifa. Raia asiyelindwa hatasema mara ya pili, na hapo mikataba yote hubaki karatasi tupu.