Je, Wajua? Beatles waliivia bandarini Hamburg

Kabla hawajavuma duniani, Beatles walikuwa bendi ya kukesha mtaani St. Pauli, karibu na bandari ya Hamburg, Ujerumani. Agosti 1960 walianza kupiga katika klabu ya Indra, saa kadhaa kila usiku, mabaharia wakiwa miongoni mwa wasikilizaji. Ukipigishwa hivyo, lazima uive! Aprili 1962 ikafunguliwa klabu nyingine mtaani humo, Star-Club. Mwanamuziki Jerry Lee Lewis alirekodi albamu humo mwaka 1964. Lakini mwisho wa 1969 klabu hiyo maarufu ikafungwa, na jengo lake halipo tena. Hasara kubwa. Hata hivyo muziki wa jukwaani haukufa: tangu 2006, tamasha la Reeperbahn hufanyika mtaani humo, likiwapa nafasi wasanii chipukizi.